UZI: Familia kwanza au raha kwanza? Fungua taarifa yako ya M-PESA ndipo ujibu

Mhazini_58 (Nakuru)

Wadau, salaam. Kila Januari ada ikidaiwa, na kila Desemba mbuzi wakichinjwa, mjadala huwa ule ule: watu wameipenda raha, familia na mambo ya maana yamewekwa kando. Huyu anahubiri, yule anajibu maisha ni mafupi, na uzi unafungwa kwa matusi. Leo twende kwa hesabu. Kwa mdomo kila mtu huweka familia mbele, hata aliyekalia kaunta saa sita usiku.

Omba taarifa kamili ya M-PESA ya miezi sita kupitia *334# au programu yao. Usichukue mwezi mmoja, maana mwezi mmoja ukiangukia matanga au harusi utapata picha ya uongo. Itakuja kwa barua pepe ikiwa faili iliyofungwa, na namba ya kuifungulia huja kwa ujumbe mfupi. Kisha shika kalamu. Kila mstari wa pesa iliyotoka upe herufi moja: F ni familia (chakula, kodi, ada, dawa, wazazi), R ni raha, K ni kazi au biashara, X ni usioujua.

Wengi hukosea hapa. Pesa iliyotolewa kwa wakala ni X, na X haihesabiwi kuwa F eti kwa sababu "lazima nilinunua unga". Malipo ya Pochi la Biashara huonyesha jina la mtu, si la duka, kwa hiyo "ANN" wa saa nne usiku huenda ni mama mboga, huenda ni mwenye kilabu. Saa ya muamala itakusaidia. Fuliza, ule mkopo wa M-PESA salio likipungua, huonekana ukikopa na tena ikijilipa, usiihesabu mara mbili. Bando la intaneti ligawe nusu kwa nusu kama simu ndiyo ofisi yako.

Ukimaliza usijumlishe shilingi tu. Hesabu na mistari. F huwa na mistari michache mikubwa, R ina mistari mingi midogo, na mingi yake ina tarehe za siku tatu nne baada ya mshahara. Huo ndio msimamo wangu na niko tayari kupingwa: watu hawakai chini wakachagua raha. Raha inawafikia kila siku kwa bei ya chini, familia inawafikia mara chache kwa bei ya juu, na pesa inaisha kwa aliyefika kwanza.

---

Jadala_Kondele (Kisumu)

Omera, hiyo X yako ndiyo baa yenyewe. Hakuna mtu hulipa keg kwa simu kama mama watoto anajua PIN.

---

Fundi_wa_Odi (Kakamega)

Mhazini ameanza vizuri ila mstari wa mikeka, yaani kamari za mpira, unahitaji kufunguliwa, maana hapo ndipo watu hudhani wanatafutia familia. Ukimuuliza mtu wa mkeka kama ni raha atakwambia ni jasho, anatafuta ada. Tuipime hiyo ada.

Chukua mechi yenye odi (mara ambazo dau lako hulipwa ukishinda) 2.10 nyumbani, 3.30 sare, 3.40 ugenini. Gawa 1 kwa kila odi, ujumlishe: 0.476 na 0.303 na 0.294 ni 1.073. Ingekuwa mchezo wa haki ingefika 1 kamili. Ile 0.073 ya ziada ndiyo mkato wa kampuni: 1 gawa kwa 1.073 ni 0.932, yaani kila shilingi 100 unayoweka, wastani wa kinachorudi ni karibu 93. Kwa mechi moja si mbaya sana, ni kama kiingilio cha uwanjani.

Sasa tazama watu wanavyoweka: mechi kumi kwenye mkeka mmoja. Ule mkato haujumlishwi, unazidishwa. 0.932 mara yenyewe mara kumi ni 0.49. Nusu ya pesa imeondoka kabla kipyenga hakijapulizwa. Mkeka wa mechi kumi za odi 1.50 hulipa karibu mara 57.7, na watu huona ni zawadi kubwa. Lakini kwa mkato huo huo, uwezekano wa zote kumi kuingia ni kama 1 kwa 117. Ungelipwa kwa haki ungepata mara 117.

Ongeza kodi. Tangu Julai 2025 sheria ya fedha ilibadilisha mtindo: ushuru ni asilimia 5 ya pesa unayoingiza kwenye pochi ya kamari, na asilimia 5 nyingine unapotoa. Weka 1,000 ubadilishe nia bila kucheza hata mara moja: ikiwa kampuni haikubebei ule ushuru wa kwanza, utatoka na 902.50.

Aviator, ile kamari ya ndege inayopaa ikizidisha dau lako hadi inapotoweka, ni mnyama mwingine. Malipo yake ya wastani ni asilimia 97, kwa karatasi ni afadhali kuliko mkeka. Shida ni mwendo. Mkeka wa Jumamosi unasubiri hadi jioni. Kule raundi ni sekunde chache. Uwezekano wa ndege kufika mara mbili ni asilimia 48.5. Wengi huanza 20 na kila wakipoteza wanazidisha mara mbili: 20, 40, 80, 160, 320, 640. Hiyo ni 1,260 imekwenda kwa kupoteza mara sita mfululizo, na dau la saba ni 1,280 ili upate faida ya 20. Mtu husema haiwezi kupotea sita mfululizo. Kwa raundi 180 ndani ya saa moja, mfululizo wa namna hiyo hutarajiwa kwa wastani zaidi ya mara moja. Na zile programu za "kutabiri" zinazouzwa Telegram ni wizi mtupu: matokeo hutengenezwa kwa mbegu (namba ya siri) ya seva ikichanganywa na mbegu za wachezaji watatu wa kwanza wa raundi ile, hakuna simu ya mtu Lurambi inayoweza kuijua kabla.

Kwa hiyo mkeka uwekwe R, hata mwenyewe akiapa ni F.

---

Mama_wa_Kibuye (Kisumu)

Fundi asante, hiyo nitaibandika mahali. Lakini Mhazini, umesema familia huja kwa bei kubwa, mimi naongeza: si yote. Unga, mafuta, sukuma, makaa, sabuni, vyote vinauzwa kwa kadogo, vipimo vya bei ndogo, na watu wananunua kila jioni bila kuhubiriwa. Mwanaume yule yule wa mkeka wa 50 hupita na nusu kilo ya nyama. Kinacholala njaa ni vitu ambavyo havina kadogo: ada na bima.

Angalia SHA, bima ya afya ya serikali. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara asione. Wa jua kali anadaiwa kiwango cha chini cha 300 kwa mwezi, lakini hutakiwa alipe mwaka mzima kwa mpigo, 3,600. Mia tatu kwa mwezi ni shilingi 10 kwa siku! Hakuna kikombe cha chai cha bei hiyo Kibuye. Lakini 3,600 kwa siku moja, kwa muuza omena, ni mtaji. Atasubiri hadi mtu augue.

Ada ni vilevile. Shule za bweni za kitaifa mwongozo ni 53,554 kwa mwaka, kwa mgawo wa 50:30:20, hivyo muhula wa kwanza peke yake ni 26,777, tena Januari, baada ya Krismasi. Ukigawa mwaka mzima kwa wiki 52 ni kama 1,030 kwa wiki. Shule nyingi zina paybill na hazikatai kiasi kidogo, ni sisi tunaona aibu kutuma 1,000. Anayetaka kujaribu azingatie haya: sehemu ya akaunti andika namba ya usajili ya mtoto, usiandike jina lake, maana jina likikosewa herufi pesa inakaa bila mwenyewe, ujumbe wa M-PESA usiufute, na kila mwisho wa mwezi omba taarifa ya salio kwa karani wa fedha. Usingoje siku ya kufungua shule ndipo mbishane dirishani.

Anayesema watu hawajali familia aniambie kwanza mwaka jana alilipa SHA tarehe ngapi.

---

Mwl_Mstaafu (Mumias)

Mmenena kwa ustadi lakini mnawatetea mno watu. Mnasema raha "inamfikia" mtu, kana kwamba yeye ni kisiki. Tazameni ratiba ya mpira wa Ulaya. Mechi kubwa za mabingwa huanza saa tatu usiku kwao, hapa ni saa nne, na wakishabadilisha saa zao za majira ya baridi inakuwa saa tano. Mtu anatoka pale saa saba kasoro. Aliijua ratiba wiki mbili kabla, akaandaa pesa, akaandaa na uongo wa nyumbani. Huo si mpango? Mtu huyo huyo muulize mkutano wa wazazi ni lini.

Na wakati kiwanda cha sukari hapa kililipa miwa vizuri, mkulima alingoja shamba liive mwaka na nusu, akapokea kwa mpigo, na mji mzima ulijua. Hoja ya kadogo inafia hapo. Pesa ilikuja nyingi, siku moja, na bado wapo walioimaliza bila kununua bati.

---

Mtafiti_Siaya

Mwalimu, heshima yako. Hilo la pesa nyingi kwa mpigo limepimwa, na limepimwa hapa hapa kwetu, Rarieda. Mwaka 2011 na kuendelea shirika la GiveDirectly liliwapa watu wa vijiji pesa kupitia M-PESA bila masharti yoyote: kaya nyingine 25,200, nyingine 95,200. Waliochaguliwa walipatikana kwa bahati nasibu, hivyo ungeweza kuwalinganisha na majirani wasiopata. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walichapisha matokeo 2016. Matumizi ya pombe na tumbaku hayakupanda. Matumizi ya chakula yalipanda. Na hapa ndipo penye utamu: waliolipwa kidogo kidogo kila mwezi waliboresha zaidi chakula, waliolipwa kwa mpigo walinunua zaidi vitu vya kudumu, mabati yakiwemo.

Kwa hiyo pesa kubwa kwa mpigo si lazima iende baa. Huenda hata ndiyo njia pekee ya bati kununuliwa.

---

Mwl_Mstaafu (Mumias)

Waliulizwa kwa mdomo. Mgeni mwenye karatasi akikuuliza umekunywa chupa ngapi, utamwambia?

---

Mtafiti_Siaya

Swali la haki, na ni udhaifu unaojulikana wa utafiti wowote wa dodoso. Lakini bati halifichiki, na aliyemaliza pesa baani hana ya kuezekea.

Ongeza hili la pili, tena ni la magharibi mwa Kenya. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walichukua watu waliokuwa tayari kwenye vyama vya mzunguko, wakawapa baadhi yao kisanduku cha bati chenye kufuli na ufunguo wake, basi. Hakuna riba, hakuna mafunzo marefu, ila wataje lengo la afya wanaloliwekea akiba. Baada ya mwaka, matumizi yao ya kinga ya afya yalikuwa yamepanda kwa asilimia 66 ukilinganisha na wasiopewa. Ufunguo walikuwa nao wenyewe! Wangeweza kufungua usiku wowote wakaenda kunywa. Kilichobadilika ni kwamba pesa ilikuwa na makao na kazi maalumu, ikapata sababu ya kukataa shemeji anayekopa na sababu ya kukataa ile chupa ya ghafla. Kisanduku kingine ambacho ufunguo ulishikwa na afisa hakikufanya vizuri hivyo kwa matumizi ya kinga, kwa sababu watu waliogopa kufungia pesa wasiyoweza kuifikia dharura ikija.

Na Busia, kwa mbolea: wakulima walipouziwa mbolea mara tu baada ya mavuno, wakati pesa ipo, na kuletewa bure, matumizi yalipanda kwa asilimia 47 hadi 70. Walikuwa wanaitaka mbolea tangu zamani. Ilikuwa inakuja wakati mfuko mtupu.

Sisemi hakuna mlevi anayejua anachofanya. Nasema ukiwahukumu wote kwa huyo mmoja, utakosa dawa ya wengine.

---

Kaptembwa_Boy (Nakuru)

Nimesoma yote. Kwa hiyo mtu akitoka Vasha wakati wa Safari Rally na akarudi na nauli ya kukopa, ni kosa la kisanduku? 😂

---

Mhazini_58 (Nakuru)

Kaptembwa, mashindano yamekuwa Naivasha tangu 2021, na siku hizi yanaangukia Machi. Malazi hupanda, mafuta, kiingilio cha ushabiki. Lakini angalia kalenda: mwezi mmoja baadaye kuna ule mgawo wa asilimia 30 wa muhula wa pili. Anayekwenda na ameshatuma mgawo huo simlaumu hata kidogo, kupiga kelele vumbini Hell's Gate si dhambi. Swali langu ni moja tu, nini kilitoka kwanza.

---

Mwanakamati_Vihiga

Mulembe wote. Mmekwepa jambo ambalo huku ndilo zito: disko matanga. Pale raha na familia zinakaa kwenye hema moja, na bila kuijua hesabu yake huwezi kuiondoa kwa amri ya chifu.

Watu wa mbali hudhani vijana wamekosa adabu tu wakavamia msiba. Ukweli ni kwamba muziki uliingia matanga kama njia ya kukusanya pesa. Mwili uko mochari, kila siku ina ada yake, na jamaa wa Nairobi wameomba wasubiriwe hadi Jumamosi ya wiki ya pili. Kila usiku waombolezaji wanakula. Watu 150 ni kama pakti 19 za unga za kilo mbili, yaani belo moja na nusu na kidogo, kwa ugali peke yake. Jenereta ya wastani ikiendesha spika na taa hunywa kama lita mbili kwa saa, saa mbili usiku hadi alfajiri ni lita 20 za petroli. Nani analipa? Dijei anasimamisha wimbo, mtu anatoa noti ili uendelee au ili rafiki yake atajwe, kuna meza ya kamati na daftari. Kwa majirani zetu Wajaluo kuna pakruok, ambapo mtu hulipa ili asimamishe muziki ajisifu au amsifu mwenzake. Noti nyingi zinatolewa kwa kumsifu mama wa mtu, ukoo wa mtu, shemeji. Sasa hiyo uiweke F au R, Mhazini?

Kinachoharibika kinajulikana. Giza, watoto wa shule, pombe ya bei ya chini, na usiku kadhaa mfululizo bila mzazi anayejua mtoto yuko wapi. Utafiti wa disko hizi kwa vijana wa Kisumu ulichapishwa 2009 ukizitaja kuwa mazingira ya hatari ya maambukizi ya VVU. Machifu hupiga marufuku, wiki mbili kimya, kisha spika inarudi, kwa sababu marufuku iliondoa muziki ikaacha deni.

Kamati inayotaka kuuondoa ianze na deni. Siku ya kwanza, kabla hema halijafungwa, weka tarehe ya mazishi isiyozidi siku tano. Hiyo peke yake hukata gharama kuliko kitu kingine chochote, na ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu kila mtu ana mjomba aliye safarini. Weka daftari la jeneza na mochari mbali na la chakula. Wafadhili hutoa haraka kwa jeneza, na pesa zikichanganywa chakula hulimeza jeneza. Michango ipokewe kwa namba moja yenye majina mawili ya kushuhudia, isiwe simu ya mfiwa, maana ikiwa na Fuliza mchango wa kwanza utajilipa deni kabla mtu hajauona. Spika ikiwepo, iwe ya ibada na hotuba, izimwe saa mbili usiku. Hata kanuni za kelele za mwaka 2009 ziko upande wenu: kuanzia saa mbili usiku, kiwango cha nje kwenye maeneo ya makazi ni desibeli 35. Hakuna disko duniani lililo chini ya hapo, kwa hiyo hamna haja ya kubishana na dijei kuhusu "sauti ya chini".

Kisha jazeni usiku. Mkiacha pengo la saa kumi bila chochote, vijana watalijaza. Wabukusu wana kumuse kwa wazee waliostahili, ambapo msemaji husimama mbele ya watu akaeleza ukoo, historia na mwenendo, na hakuna anayepiga kelele. Isukha na Idakho wana isukuti, ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na pembe, inayochezwa kwenye misiba na arusi. UNESCO waliiweka 2014 kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa haraka. Ni raha, watu wanatoka jasho, lakini inachezwa na wazee na watoto pamoja na haihitaji giza.

---

Jadala_Kondele (Kisumu)

Mwanakamati umenena. Ila siku tano Dala, na mjomba yuko Qatar? Kila la heri.

---

Mwanakamati_Vihiga

Mjomba wa Qatar apewe kiungo cha mubashara. Akisisitiza angojwe, alipe siku za mochari yeye. Huwa anabadilisha mawazo.

---

Mama_wa_Kibuye (Kisumu)

🤣🤣 Hiyo iandikwe kwenye katiba ya kila ukoo.

Niulize upande mwingine. Pesa tumeiongelea, muda je? Mzee yuko nyumbani, hajaenda baa, hana mkeka. Ameketi na watoto sebuleni masaa manne, kila mtu na simu yake. Taarifa ya M-PESA haitamshika huyo.

---

Fundi_wa_Odi (Kakamega)

Simu yenyewe inamshika, mama. Ingia Mipangilio, tafuta Nidhamu Dijitali (kwenye Android nyingi iko pamoja na udhibiti wa wazazi), itakuonyesha dakika kwa kila programu na mara ngapi simu imefunguliwa. Angalia wiki nzima, na hasa kati ya saa moja na saa nne jioni, kwa sababu hizo ndizo saa ambazo watoto wako macho.

Kisha bonyeza programu, weka kikomo, mfano dakika 40. Yanayokwenda kombo: kikomo hujifuta saa sita usiku, kwa hiyo mtu hungoja tu, video zile zile zinapatikana kupitia kivinjari, lazima nacho kiwekewe, na mwenye simu anaweza kukiondoa kwa kubonyeza mara mbili. Kikomo kinachofanya kazi ni kile kilichowekwa na mwingine: simu ya baba iwekwe na mama na ya mama iwekwe na baba, na chaja zote ziwe jikoni. Chaja jikoni ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko hiyo programu, tusidanganyane.

---

Mtafiti_Siaya

Nyongeza fupi kwa Mama wa Kibuye. Mwaka 2004 Daniel Kahneman na wenzake waliwauliza wanawake 909 walioajiriwa huko Texas, Marekani, waeleze siku yao saa kwa saa na walivyojisikia. Kulea watoto kulipata alama ya chini kuliko kutazama televisheni, chini hata ya kupika. Haimaanishi hawakuwapenda watoto wao. Kwa hiyo anayengoja mpaka kukaa na watoto kuwe kutamu kuliko simu atangoja sana. Kwa dakika ile, simu inashinda. Kukaa na watoto huwekewa saa yake, kama ibada.

---

Mwl_Mstaafu (Mumias)

Hapo mtafiti tumekutana. Saa ikiwekwa, mtu anayeivunja ameichagua raha, na mimi nitaendelea kumwambia hivyo usoni. Ila nakubali kwamba asiyewekewa saa hatujamjaribu bado.

---

Kaptembwa_Boy (Nakuru)

Sawa wazee, niache utani. Mshahara wa 30,000 unaingia tarehe 30. Nianze wapi, kwa utaratibu?

---

Mhazini_58 (Nakuru)

Siku hiyo hiyo, kabla hujatoka kazini. Kwanza maliza Fuliza, kisha jiondoe kwenye huduma hiyo. Usipojiondoa, deni la 500 la Jumamosi litakula pesa ya kwanza itakayoingia, hata iwe ya dawa ya mama.

Pili, kodi ya nyumba na mgawo wa ada wa wiki nne, 4,120 kama mtoto yuko kwenye zile shule za 53,554, vitumwe kwa paybill. Usiviache kwenye simu eti utavituma kesho. Tatu, kama SHA haikatwi kazini, 300 yake iende kwenye akaunti ya kufunga ya M-Shwari, akiba ya M-PESA. Kima cha chini cha kuanzia huwa 500, kwa hiyo unganisha na 200 ya wazazi. Ukitaka kuitoa kabla ya muda unasubiri saa 48, na hizo saa 48 ndizo unazolipia: mkeka wa jioni hausubiri siku mbili. Lakini usifunge kila kitu. Ukifunga na pesa ya dharura, mtoto akiugua utarudi Fuliza, na mpango wote unakufa mwezi wa pili. Acha 2,000 wazi.

Nne, raha ipe kiasi na jina. Sema 2,400, uitoe taslimu, noti nne za 500 na mbili za 200, iwekwe kwenye bahasha. Iliyoisha imeisha. Wanaojiwekea sifuri ndio hutumia 6,000, kwa sababu kila shilingi 50 wanaitoa kwenye fungu la chakula na hawaioni.

---

Kaptembwa_Boy (Nakuru)

Na bahasha ikiisha tarehe 9?

---

Mhazini_58 (Nakuru)

Andika tarehe 9 nyuma ya bahasha. Mwezi ujao gawa zile 2,400 kwenye bahasha nne za 600, kila Ijumaa unafungua moja, na tatu zilizobaki mpe mtu asiyekwenda nawe baa.